Wa Nne Ndiye Anayefunga Hesabu

Neno la wiki: 1 Samweli 30:9-25
Soma pia: 1 Samweli 16:1-13, 1 Wakorintho 12:22-25, Waebrania 12:1-2



Ujumbe huu niliuhubiri Jumapili iliyopita katika ibada ya pili, na wengi mliniomba niuandike. Nauandika kwa ruhusa ya watu wawili: msichana mwenyewe na mama yake. Jina la msichana silitaji. Baadhi yenu mnamjua, na asiyemjua hahitaji jina ili apokee somo. Mimi ndiye niliyemkosea. Kama kuna jina la kubeba aibu hapa, ni langu.

Wacha nianze na siku yake, ili ujue tunamzungumzia mtu wa aina gani.

Siku ya mkimbiaji

Ana miaka 17, yuko Kidato cha Tatu, anasoma shule ya kutwa upande wa Njoro. Saa kumi na moja kasorobo alfajiri yuko macho. Kama umewahi kulala kule juu mwezi wa Julai unajua baridi ninayoisema, ile ya kupumua ukaona pumzi yako mwenyewe. Yeye anafunga leso kichwani, anagonga dirisha la binamu zake wawili, kwa sababu mama yake amekataa katakata akimbie peke yake gizani, kisha watatu hao wanashika njia ya vumbi kuelekea msituni.

Jumatatu ni mbio za pole. Jumanne ni za kasi. Jumatano pole tena. Alhamisi ni siku ya kubadilisha mwendo: dakika moja unafyatuka, dakika moja unapumzika huku bado unakimbia, mara ishirini. Ijumaa pole. Jumamosi ni mbio ndefu, panda mlima shuka mlima, saa moja na zaidi. Jumapili hakimbii. Jumapili yuko na kwaya, safu ya pili, na kama umemsikia akiimba utajua mapafu yale hayakupatikana bure.

Akirudi asubuhi anakamua ng'ombe. Ni mmoja tu. Anakunywa uji, anaoga maji baridi, anavaa sare, anatembea kwenda shule. Jioni anateka maji, anasonga ugali, anafungua vitabu mbele ya taa ya sola. Saa tatu usiku amelala. Viatu vya kukimbia ana jozi moja, ya mitumba kutoka Nakuru mjini, na fundi ameishona mara mbili. Anaitunza kwa ajili ya Jumamosi na siku za mashindano. Siku nyingine anakimbia na raba za shule.

Nilimuuliza anataka nini maishani. Akanijibu haraka, kama mtu aliyekwisha kupanga: avae jezi ya Kenya ya walio chini ya miaka 20 kwenye mbio za nyika; asomee uuguzi; na avute maji ya bomba mpaka mlangoni kwa mama yake. Kwa mpangilio huo huo.

Ndugu yangu, huyo ndiye mtu niliyemkata kwa kubonyeza kitufe.

Jedwali langu

Kabla ya kuitwa katika utumishi nilisoma biashara. Shahada yangu bado inaning'inia ukutani nyumbani, na nikiri mbele zenu, kuna siku inahubiri kwa sauti kubwa kuniliko mimi. Kanisa liliponikabidhi mfuko wa elimu nilifurahi. Nilijiambia, hapa sasa ndipo masomo yangu yatamtumikia Bwana.

Mfuko ule mnaujua. Ni sadaka zenu. Kuna mia mbili ya mama mboga, kuna elfu moja ya mwalimu, kuna zile hamsini hamsini za vijana wa bodaboda. Maombi ya karo yalikuwa mengi kuliko pesa. Nikafanya kile nilichofundishwa chuoni: nikatengeneza jedwali kwenye kompyuta. Safu ya alama za darasani. Safu ya mahudhurio kanisani. Na safu moja niliyoiita "matarajio", yaani, tukiweka pesa hapa, tutapata nini?

Kwa wanamichezo nikaweka kanuni yangu mwenyewe: mkimbiaji abaki ndani ya tatu bora. Kwa nini tatu? Kwa sababu medali ni tatu. Sikuwa na sababu nyingine. Sikumuuliza kocha yeyote, sikumuuliza mwalimu wa michezo, na nikiri zaidi, sikuomba.

Msichana wetu alikimbia mbio za nyika za shule ngazi ya kaunti akamaliza wa nne. Nikaandika 4 kwenye jedwali, na kisanduku kikageuka chekundu chenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyokipangia. Kwenye kikao cha kamati jambo lake lilichukua dakika tano. Hakuna aliyeuliza swali. Mimi ndiye mwenye shahada.

Karo haikulipwa. Katikati ya muhula akarudishwa nyumbani, akakaa siku 19. Na katika siku hizo 19 ndipo timu ya kaunti ilipoingia kambini, ikasafiri, ikakimbia ngazi ya mkoa. Bila yeye.

Viazi sita

Sikujua lolote. Mama yake aliendelea kuja kanisani kama kawaida. Siku ya sadaka ya mavuno akaleta ndoo ya viazi, akaiweka madhabahuni, akarudi kuketi. Hakunung'unika, hakunikwepa. Baada ya ibada nikamsalimia: "Mama, mkimbiaji wetu anaendeleaje?" Akanitazama kidogo, akasema, "Pasta, njoo nyumbani unywe chai."

Nilikwenda Alhamisi. Niliwakuta jikoni wote wawili, binti anamenya viazi. Nikaketi kwenye kigoda. Nikaanza kueleza habari za mfuko, za bajeti, za wengi wanaohitaji. Mama akanyamaza. Binti akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Pasta, unajua mbio za nyika zinavyohesabiwa?"

Nikasema ndiyo. Halafu nikasema hapana.

Akapangusa mikono. Akachukua viazi sita akavipanga sakafuni, mstari mmoja. "Uwanjani wanahesabu mtu. Nyikani wanahesabu timu pia. Sisi tulichaguliwa sita. Hao sita wote wanakimbia, lakini wanaohesabiwa ni wanne wa mbele." Akasogeza viazi viwili kando. "Wa kwanza anapata pointi moja, wa pili mbili, wa tatu tatu, hivyo hivyo. Unajumlisha. Walio na pointi chache ndio washindi. Sasa angalia: hawa watatu wanaweza kumaliza mbele ya watu wote, na bado hatuna timu. Timu haipo mpaka wa nne avuke mstari."

Akagusa kile kiazi cha nne kwa kidole.

"Wa nne ndiye anayefunga hesabu. Mimi ndiye ningefunga hesabu."

Wasichana watatu wa mbele walikuwa wamekimbia vizuri sana siku ile ya mkoa. Lakini aliyefunga hesabu badala yake alimaliza mbali nyuma, wala si kosa lake, maskini, alifanya alichoweza. Wakakosa kuendelea kwa pointi chache. Kwa hiyo kosa langu halikumwangukia mtoto mmoja. Liliwaangukia wasichana sita, wengine ambao sijawahi hata kuwaona.

Nimesoma hesabu za biashara miaka minne. Nimefunga vitabu vya hesabu mwisho wa mwaka, najua maana ya kufunga hesabu. Na mtoto wa Kidato cha Tatu, ameketi sakafuni na viazi, ndiye aliyenionyesha kwamba jedwali langu lilikuwa na kosa tangu mstari wa kwanza.

Nikamwambia, "Binti yangu, nimekukosea. Naomba unisamehe." Akamtazama mama yake kwanza. Kisha akasema, "Sawa, Pasta. Nimekusamehe." Akachukua kisu akaendelea kumenya. Baada ya muda akasema polepole, bila hasira, "Lakini hiyo mbio imeshaenda."

Neno hilo nimetembea nalo. Msamaha ni wa kweli, na mbio imeshaenda. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Sisi watu wa kanisa wakati mwingine tunataka msamaha ufute hata mbio iliyopotea, ili tusiione tena. Haifutiki. Zakayo alipookoka aliahidi kurudisha alichodhulumu, mara nne. Toba yake ilikuwa na hesabu ndani yake.

Kumi ni kumi

Usiku ule nikaanza kutafuta habari za mchezo niliouhukumu bila kuujua. Na nikakutana na jirani yetu.

Ukitoka Molo ukashika barabara ya Olenguruone, utafika Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti yetu hii hii ya Nakuru. Huko ndiko alikokulia Faith Kipyegon, aliyezaliwa Januari 1994, mtoto wa nane kati ya watoto tisa wa familia ya wakulima. Tarehe 28 Machi 2010, Jumapili ya Matawi, akiwa na miaka 16, alisimama kwenye mstari wa kuanzia huko Bydgoszcz, Poland, katika mbio za dunia za nyika, kilomita 6 za wasichana wadogo. Alikuwa peku. Wenzake wana viatu vya spaiki, yeye ana nyayo za Keringet.

Alimaliza wa nne.

Medali za mtu binafsi ni tatu. Mercy Cherono, msichana wa Kenya, akachukua ya dhahabu, na Wakenya wengine wawili wakachukua zilizobaki. Kwenye jedwali langu Faith Kipyegon angekuwa kisanduku chekundu. Tungemkata karo.

Lakini jumlisha sasa, kama yule binti jikoni. Moja, na mbili, na tatu, na nne. Kumi. Katika mbio za nyika za dunia hakuna hesabu ya timu iliyo bora kuliko kumi. Haiwezekani kuishusha. Na ile kumi haikuwepo mpaka msichana wa peku alipovuka mstari. Sema Amina kama umeelewa.

Najua unachotaka niseme sasa. Unataka niseme kwamba mwaka uliofuata, 2011, huko Punta Umbría, Hispania, alikimbia peku tena akawa bingwa wa dunia. Ni kweli. Kwamba mwaka 2013 alirudi pale pale Bydgoszcz alikokuwa wa nne, akamaliza wa kwanza. Ni kweli. Kwamba ameshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu, Rio 2016, Tokyo 2021 na Paris 2024, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine amewahi kulifanya katika mbio hizo, na kwamba Julai 2025 alishusha rekodi yake mwenyewe ya dunia hadi 3:48.68. Yote ni kweli, na Mungu apewe sifa.

Lakini nisikilize vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo wahubiri wengi tunapotelezea, mimi wa kwanza. Tunapenda kusema: mheshimu wa nne, kwa sababu kesho atakuwa wa kwanza. Hiyo si heshima. Hilo ni jedwali langu lile lile, nimelipaka rangi ya kanisa. Bado naulizia faida. Kama Faith Kipyegon angerudi Keringet mwaka ule 2010 asikimbie tena hata hatua moja, ile kumi ingebaki kumi. Alihesabiwa pale pale alipokuwa, wa nne, akiwa na matope miguuni.

Vijana wengi wanaokimbia alfajiri kati ya Njoro na Elburgon hawatafika Olimpiki. Wengine wataumia goti. Wengine watakuwa walimu, askari, wauguzi, mama wa watoto wanne. Swali kwa kanisa ni hili: tunampenda huyu mtoto, au tunapenda medali ambayo huenda akaileta?

Kijito cha Besori

Sasa fungua Biblia yako, 1 Samweli 30. Nitakisimulia kisa kwa maneno yangu, wewe ukasome mwenyewe nyumbani.

Daudi na watu wake wanarudi Siklagi wanakuta mji umechomwa. Wake na watoto wametekwa na Waamaleki. Wanalia mpaka nguvu zinawaishia. Daudi anamwuliza Bwana, Bwana anamwambia afuate. Wanaondoka watu 600. Wanafika kijito cha Besori, na hapo watu 200 wanashindwa. Neno halisemi walikuwa waoga wala wavivu. Linasema walikuwa wamechoka, hawakuweza kuvuka. Wanabaki na mizigo. Watu 400 wanaendelea.

Na angalia ni nani aliyewaonyesha njia. Ni kijana Mmisri, mtumwa, ambaye bwana wake alimtupa nyikani siku tatu nyuma kwa sababu aliugua. Bwana wake alikuwa na jedwali! Mtumwa mgonjwa hana matarajio, mwache. Na yule aliyeachwa ndiye aliyeshika ufunguo wa ushindi wote.

Wakashinda, wakarudisha kila kitu. Wanafika tena Besori, na wale 200 wanatoka kuwalaki. Hapo watu fulani katika wale 400 wakasema: hawa hawakwenda nasi, wapewe wake zao na watoto wao tu, waende zao. Biblia haiwapambi watu hao. Inawaita waovu. Niliposoma mstari ule baada ya kutoka jikoni kwa yule mama, nilifunga kitabu. Nilikuwa nimesikia sauti yangu mwenyewe kwenye kikao cha kamati.

Daudi akakataa. Akasema, ndugu zangu, hiki ni kitu alichotupa Bwana. Fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na mizigo litakuwa sawasawa. Na akaifanya amri katika Israeli tangu siku ile. Hakuwafanyia watu wale huruma ya siku moja. Aliandika sheria.

Daudi aliipata wapi hekima hiyo? Rudi sura ya 16. Samweli amekwenda nyumbani kwa Yese kumtia mafuta mfalme. Wanapita wana saba, na baba mtu anaona hesabu imekwisha. Samweli anauliza, hakuna mwingine? Yuko mdogo, anachunga kondoo. Mtoto wa nane, hata kuitwa hakuitwa. Mpendwa, mtu aliyewahi kuachwa na kondoo hawezi kuwasahau walioachwa na mizigo. Ninapowaza kwamba Daudi alikuwa wa nane, na yule binti wa Keringet naye ni wa nane, natabasamu. Sijengi fundisho juu yake. Natabasamu tu.

Tunahesabu nini?

Kuna jambo zito ambalo siwezi kuliruka, kwa sababu wazazi wa wasichana wanaokimbia wanasoma ukurasa huu.

Siku ile ya mwaka 2013 Bydgoszcz, aliyemaliza wa pili nyuma ya Faith Kipyegon alikuwa Agnes Tirop. Mwaka 2015, huko Guiyang, China, akiwa na miaka 19 tu, Agnes akawa bingwa wa dunia wa nyika wa wanawake wakubwa. Septemba 2021 akavunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani, mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na miaka 25. Wanariadha wenzake waliolia kaburini wakaanzisha shirika la Tirop's Angels kupigana na ukatili dhidi ya wanawake, na Mungu awabariki kwa hilo.

Taifa zima lilijua medali zake. Ninajiuliza, nami najiuliza kama mchungaji, ni wangapi kati yetu huwauliza mabinti zetu wanaokimbia maswali mengine. Nani anakununulia viatu, na anataka nini badala yake? Nani anashika pesa zako? Nani anakusindikiza mazoezini? Kuna mtu anakutisha? Nafasi aliyomaliza tunaiuliza wote, hata kabla hajanywa maji. Haya mengine hatuyaulizi.

Mambo matatu ya kushika

Kwanza, kwenu vijana wakimbiaji. Mbio za nyika hazina rekodi ya dunia ya muda. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna njia mbili zinazofanana. Huku kuna tope, kule kuna kilima, pengine kuna magogo ya kuruka. Huwezi kuchukua dakika za Njoro ukazipima na dakika za Poland. Waebrania 12 inatuambia tupige mbio zile zilizowekwa mbele yetu, tukimtazama Yesu. Zilizowekwa mbele yako wewe. Usipime maisha yako kwa saa ya mwenzako. Na mtu akikujia na sindano au kidonge cha kukupa kasi, au akitaka upunguze umri kwenye karatasi ili ukimbie na watoto, kimbia kweli kweli, ila kimbia kuelekea upande mwingine. Afadhali wa nne aliye safi kuliko wa kwanza anayeogopa kubishiwa hodi na wapimaji. Lala mapema, soma vitabu, mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu.

Pili, kwenu wazazi. Mtoto akirudi kutoka mashindano, neno lako la kwanza lisiwe "umekuwa namba ngapi?" Mpe chai kwanza. Mwulize njia ilikuwaje. Mwulize alimwona nani ameanguka, na kama alimwinua. Kuna mzazi alinikasirikia baada ya ibada, akasema, "Pasta, unatufundisha watoto wapende kushindwa." Hapana, Baba. Paulo anasema tukimbie ili tupate. Binti huyu anaamka saa kumi na moja kasorobo, huwezi kuniambia anapenda kushindwa. Ninachosema ni kwamba akimaliza wa nne, au wa arobaini, akute bado ana mahali mezani pako.

Tatu, kwetu kanisa. Katika 1 Wakorintho 12 Paulo anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi. Hatuvihitaji kwa kuvihurumia. Mwili hausimami bila vyote. Nani anafunga hesabu hapa kwetu? Ni yule mama anayefika saa kumi na mbili kupangusa viti. Ni yule kijana wa mitambo asiyeonekana mpaka sauti ikatike. Mchungaji na kwaya wanaweza kumaliza mbele ya watu wote, na bado hatuna ibada.

Kamati imekaa upya. Jedwali bado liko, kwa sababu pesa ya Bwana lazima ihesabiwe vizuri, siwezi kudanganya. Lakini safu ya "matarajio" nimeifuta kwa mkono wangu. Sasa mtoto akiingia kwenye mfuko anabaki humo mpaka amalize Kidato cha Nne, awe wa kwanza au wa mwisho, akimbie au aache. Tumeandika kwenye kumbukumbu za kikao, kama Daudi alivyoiandika Israeli, ili siku mimi sipo mwingine asije na ujanja wake. Ile karo ya muhula mliyochanga kwa ajili yake, nami nikaizuia, nimeilipa kutoka mfukoni mwangu. Silitaji hilo nipongezwe. Nalitaja kwa sababu Zakayo alifanya hesabu.

Msichana wetu anakimbia bado. Nilipita kwao tena hivi juzi jioni, nikiwa na maneno mengi mazuri ya kumtia moyo. Alinisikiliza kwa adabu, akapiga mwayo, akasema, "Asante, Pasta. Lakini kesho ni Jumamosi, nina mbio ndefu." Nikaaga.

Tuombe. Baba, uliyemwita wa nane kutoka kwa kondoo, tusamehe kwa kila mtu tuliyemwacha kando ya kijito. Walinde watoto wetu wanaokimbia gizani. Warudishie waliokosa nafasi kwa ajili yetu, na kile kisichorudi, ukakibebe wewe. Tufundishe kuhesabu unavyohesabu wewe, uliyeacha tisini na tisa ukaenda kumtafuta mmoja. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Katika 1 Samweli 30, wewe ni nani wiki hii: miongoni mwa wale 400, au wale 200, au wale waliokataa kugawana? Eleza.

2. Taja mtu mmoja anayefunga hesabu katika nyumba yako au kazini kwako, na ambaye hujawahi kumshukuru. Mpigie simu kabla ya Jumapili.

3. Je, kuna mbio ya mtu mwingine "iliyoshaenda" kwa sababu yako? Ni nini unachoweza kurudisha?